Nyuzi Tatu Ndani ya Kitunga

Kirotshe, Alhamisi, mwezi wa Novemba 1954

Kwa Mama yangu mpenzi Nyirakamana, huko nyumbani Muheto,

Yesu Kristu asifiwe, Mama. Nakuamkia kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake, kama vile nimepiga magoti mlangoni pako, ingawa kusema kweli naandika nimesimama. Karatasi nimeiweka kwenye ubao wa dirisha la jiko la hospitali, maana tangu jana mwili wangu haukubali kiti. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nimeinukia nini. Mtoto mgongoni amechoka kurushwarushwa, lakini atanivumilia.

Wewe hujambo? Mgongo unasemaje? Goti la kushoto, lile linalokuarifu mvua kabla ya mawingu, limepoa? Na ng'ombe wako Gaju, amezaa au bado anawazungusha? Nimwulizie pia kaka yangu Théogène na kikohozi chake cha tumbaku, na mke wake Béata, na kitoto kichanga chao. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mkweo Védaste yuko kazini kwenye shamba la kwinini, hutujia Jumapili, anakula, analala, anarudi. Mjukuu wako mdogo Adelaïde, huyu niliyembeba mgongoni, ameota meno mawili na sasa ananiuma kama kwamba nimemkosea. Ziwa linachafuka kila alasiri, na upepo wake unatuletea harufu ya samaki wanaoanikwa, harufu ambayo najua ingekufanya uzibe pua na kuuliza watu hawa wanaishije.

Namsalimu kipekee Katekista Karangwa, ambaye ndiye anayekusomea. Karangwa, asante kwa macho yako. Ila nakuomba, soma mstari baada ya mstari. Usifanye ile tabia yako ya kutupa jicho chini ya karatasi kuangalia nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Soma polepole kama unavyosoma waraka wa askofu, na Mama akikuuliza jambo, mrudie bila kuguna.

Mama, Callixte dereva wa lori la maziwa alipita hapa jana. Alinifikishia salamu zako na maneno yako yote. Nimeyapokea, na nitayajibu moja moja. Lakini nianze na mjukuu wako, kwa sababu barua hii yote ni habari ya chakula cha mtoto, na najua ndicho kilichotutenganisha.

Gasana amepona. Nasema amepona, si kwamba anaendelea vizuri. Amekuwa mkorofi hasa. Juzi alimwuma mtoto wa mama mmoja wa Bobandana kwa sababu ya kipande cha ndizi, na Sista Anne, mtawa anayetibu watoto hapa, badala ya kumkaripia, alipiga makofi akicheka. Anasema mtoto mwenye bwaki, huu ugonjwa wa kuvimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, akianza kugombania chakula, ugonjwa umefunga mizigo. Analia akitaka uji, analia uji ukichelewa, analia nikimpangusa mdomo. Nywele nyeusi zinatoka chini na kuzisukuma zile nyekundu. Miguu imenywea. Siku uvimbe ulipokwisha nilimwona mifupa mitupu, nikaangua kilio nikidhani ananifia, kumbe ule ndio uliokuwa mwili wake wa kweli na ule unene tuliokuwa tunausifu ulikuwa maji. Sasa mifupa imeanza kuvaa nyama.

Najua hupendi neno hilo, bwaki. Hukulipenda siku ile nilipokuja kumchukua. Hukutoka nje kuniaga, Mama. Ulibaki ndani, ukapaza sauti ili majirani wasikie kwamba umelea watoto kwa mkono huohuo, na kwamba sasa wenye kanzu nyeupe wamenifundisha kumwita mama yangu mlozi. Nilipojaribu kukueleza alichosema Sista nilipomsimulia hali ya mtoto, ukaanza kuimba. Kila nilipofungua mdomo, ubeti mwingine. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kwaresima, Mama, na tulikuwa mwezi wa nane. Nilipanda njia na mtoto amelala begani kama gunia, nikisikia sauti yako mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Niliumia sana. Bado naumia, na nakwambia wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutoficha hasira ikaoza.

Basi acha nikwambie leo alichosema Sista, ambacho sikupata nafasi ya kukimaliza. Hakusema chakula chako kina sumu. Hakusema kuna mtu amemfanyia mtoto ubaya, wala hakusema, kama wanavyosema kina mama wengi huku, kwamba mtoto amemwonea wivu mdogo wake aliyekuwa tumboni. Alisema mtoto alishiba kila siku na mwili ukabaki na njaa. Muhogo na viazi vinajaza tumbo, lakini nyama ya mtoto inajengwa na maziwa, maharagwe, mayai na samaki. Mtoto wa umri ule akikosa hivyo, mwili unajaa maji, ngozi inachanika, na yeye ananyamaza.

Nilimjibu Sista kwa ukali. Nilimwambia Mama yangu amelea watoto wazima kwa mkono huohuo. Naye akaniuliza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: wakati ule maziwa yalikwenda wapi? Nikakumbuka, Mama. Mimi pia nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwa bibi, mama yako, ili nisahau titi, kama tunavyofanya watoto wetu wote, kama nilivyomleta Gasana kwako. Bibi alinilisha viazi vilevile. Lakini kibuyu cha maziwa ya jioni kilikuwa kimetundikwa juu ya kitanda chake, na kila nilipogeuka nilinyweshwa. Sasa maziwa yetu yanapanda lori. Ya asubuhi yanaondoka, ya jioni yanangoja asubuhi, na mtoto anabaki na kiazi. Mkono wako haujabadilika hata kidogo. Kilichotoka ni kile kibuyu, na sisi sote tulikiona kikitoka tukashangilia kwamba lori limefika Muheto.

Sasa nije kwenye habari ya kitunga chako kidogo cha kupimia unga, maana Callixte aliniambia kiliondoka nyumbani kwa kelele.

Huku jikoni hawapimi chakula kwa kikombe wala kwa kitunga. Wanapima kwa gramu. Karangwa atataka kukueleza gramu ni nini na atakuchanganya, kwa hiyo nikueleze mwenyewe: shika punje mbili tatu za maharagwe kiganjani, huo uzito usiousikia ndio gramu. Wanaweka unga upande mmoja wa mizani na mawe ya shaba upande mwingine, pande zikilingana ndipo wanapika. Sista aliniandikia uji wa Gasana wa kula akirudi nyumbani, wote kwa gramu. Nilipoushika nikacheka, na kicheko hakikuwa cha furaha. Nyumbani kwetu mizani ni ile ya kununulia kahawa, inayoning'inizwa mtini, ambayo ukiiwekea uji wa mtoto haitatikisika. Nikajiuliza nitakutumia gramu uzipeleke wapi.

Ndipo nikamtuma Callixte akuombe kitunga, nikamsisitizia: kitupu. Nilitaka nikijaze mwenyewe mbele ya mizani nione kinabeba nini, ili gramu za Sista zigeuke kuwa kitunga cha Mama. Callixte akarudi nacho kimefungwa kwenye kitambaa, kimejaa unga wa mtama, na juu yake kilima kama cha Masisi. Aliiga sauti yako mpaka wagonjwa wakacheka: "Umwambie, mie siwezi tuma kitunga bila kitu kwa mutoto yangu, hata kama yeye iko najiona muzungu!" Nilicheka nikalia pamoja. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwetu chombo hakitumwi kitupu hata kwa adui.

Mizani ni ya Mbonigaba, mpishi wa hospitali. Nasema ni yake kwa jinsi anavyoilinda. Kila siku baada ya chakula cha mchana anaisugua kwa jivu na ndimu, halafu anaifunika kwa taulo utadhani mtoto mchanga. Nilimbembeleza mpaka akachoka. Alinikubalia niitumie wakati yeye anavuta kiko chake pale mlangoni, lakini hakuniondolea macho. "Dada," aliniambia, "hii balanse haiko kitu ya kuchezea. Jiwe moja ikipotea, Sista anafukuza miye, hapana weye."

Nikapima unga wako kwanza jinsi ulivyokuja, na kilima chake. Kisha nikafuta kilima nikapima tena. Mama, kilima chako peke yake kilikuwa karibu nusu ya kitunga kizima! Kisha nikatia maziwa ya unga, kitunga kilekile, nikafuta juu vilevile, na mizani ikapanda juu kama haikuwekewa kitu. Nikadhani imeharibika. Mbonigaba akatoa kiko mdomoni, akaja kuangalia kama nimepoteza jiwe. Hakuna jiwe lililopotea. Maziwa ya unga ni mepesi, yamejaa hewa. Nikatia unga wa maharagwe ya kukaanga, mizani ikalala. Nikakitikisa kitunga kama unavyokitikisa wewe unapompimia mgeni ili apate zaidi, unga ukashuka, ikaingia konzi nyingine nzima. Nilikuwa nafikiri kipimo ni kipimo, kitu kimoja tu, kumbe kila unga una uzito wake na kila mkono una wake.

Nilifanya kosa, na usiache kulisikia. Nilipoona kwamba kitunga kimoja cha maziwa ya unga, kikifutwa juu, kinakaribia zile gramu mia moja za siku nzima alizoandika Sista, nilifurahi, nikamwomba aniache nipike bila mizani kwa muda, kama nitakavyopika Muheto. Akakubali. Basi kila asubuhi nilichota maziwa kwa kitunga chako, na kila asubuhi mkono wangu ukaweka kilima. Nilijua sitakiwi. Kichwa kilisema futa, mkono ukasema huyu ni mtoto wako, utamfutia kama unampimia mlanguzi sokoni? Nikawa namwongezea nusu ya dawa nikiita upendo. Tumbo la Gasana likafunguka, akaharisha maji matupu, macho yakazama, tukarudi kwenye kitanda tulichokuwa tumekiacha. Sista alinikuta nachota. Hakupiga kelele. Alichukua kisu, akapitisha juu ya kitunga, kilima kikaanguka mezani. Mama, nilisikia kama amenitukana, na kama amemnyang'anya mtoto. Nilitoka nje nikatembea mpaka ziwani na kurudi, nimejaa hasira, mpaka nilipoelewa kwamba nimemkasirikia kisu wakati kilichomwumiza mwanangu kilikuwa kile kilima.

Kwa hiyo ninaposema mkono wako, nasema na wangu. Hatuwezi kufuta, wewe na mimi. Tukiambiwa kipimo ni mdomo wa kitunga, tutaupita mdomo. Ndipo nikafikiria kushona.

Nimeshona kitunga chako, Mama. Tafadhali usikasirike kabla ya kukiona. Kwa ndani, chini ya mdomo, nimezungusha nyuzi tatu. Chakula cha siku nimekigawa mara mbili, asubuhi na jioni, na kila uzi ni gramu hamsini, nimezipima kwa mizani na kurudia mpaka Mbonigaba akaniuliza kama nataka kufungua duka. Uzi mwekundu uko chini zaidi, ni wa unga wa maharagwe, maana ni mzito. Uzi wa buluu uko juu yake kidogo, ni wa unga wa mtama. Uzi mweupe uko juu ya yote, katikati ya kitunga, ni wa maziwa ya unga. Uzito ni uleule wa vyote vitatu, ila nyuzi hazikukaa pamoja. Jaza mpaka unga uufunike uzi tu, ulale sawa, usitikise. Humo ndani hakuna kilima kinachosimama, kuta za kitunga zinakuzuia, na mkono wako utabaki na heshima yake. Vilima weka kwa wageni kama zamani.

Upikaji ni huu. Maharagwe yakaange kwanza kwenye chungu kikavu mpaka yanukie, ndipo uyatwange na kuyachekecha. Pika mtama na maharagwe pamoja mpaka viive kabisa, mtama mbichi unachoma tumbo. Tia kijiko kimoja cha mawese. Shusha sufuria. Maziwa ya unga yakoroge pembeni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vinginevyo yanafanya madonge, kisha yamimine ndani ya sufuria iliyokwisha kushuka. Angalia hapo, Mama. Najua kwetu maziwa hayapandi moto, na najua utauliza chuchu za Gaju zitapatwa na nini. Haya hayagusi moto. Na hata yakigusa, ng'ombe wake yuko ng'ambo ya bahari, hatumjui jina wala rangi, na wenyewe ndio waliokausha maziwa yake wakayafanya unga. Yakiisha, maziwa ya Gaju ya jioni, akishazaa, yatafaa, ukiyatenga kabla Théogène hajayafungia kwenye ndoo ya lori. Ongea naye. Akikataa niambie, nitamwandikia barua yake peke yake, na haitakuwa na salamu.

Kitunga Callixte anakuletea pamoja na barua hii. Nimekijaza maziwa ya unga na mfuko mwingine kando. Najua pia kwamba Jumamosi hii wote mnamngojea Gasana ashuke kwenye lori hilohilo, kwa sababu ndivyo nilivyoahidi. Gasana haji, Mama. Si kwa ajili ya ugomvi wetu. Atakuja, na atalala kwako, na uji wake utampikia wewe. Lakini Jumamosi haji, na nakuomba sasa ukae vizuri kwenye kigoda chako, na Karangwa asome polepole zaidi.

Callixte jana alikunywa chai hapa dirishani akanipa maneno yako. Alisema umemwambia niambiwe kwamba mtoto wa Théogène, Céline wetu, tangu Béata alipojifungua analala kwako, kwenye mkeka aliokuwa analalia Gasana. Kwamba amenenepa. Kwamba mashavu yamejaa na miguu inang'aa, na hakuna kanzu nyeupe iliyomgusa. Kwamba hamsumbui mtu, unamweka mlangoni asubuhi na unamkuta palepale. Ulinitumia maneno hayo ili yanichome, Mama, na nilistahili. Nikaanza kucheka. Kisha Callixte, ambaye hana ubaya na hajui kitu, akaongeza lake. Alisema kweli mtoto yule ni mpole ajabu. Wakati wa kupakia ndoo alimwona nzi ametua kwenye jicho lake, akatembea mpaka puani, na mtoto hakuinua mkono. Akacheka akisema wake nyumbani wangekuwa wamevunja vyombo. Nikamwuliza nywele zake zikoje. Akasema nzuri, laini, zinaelekea wekundu, kama za mtoto wa mzungu. Nikamwuliza kuhusu Béata. Akasema Béata alimfuata hadi kwenye lori kama mtu mwenye la kusema, halafu ulimwita, akarudi.

Nilimwacha na chai yake nikakimbilia kwa Sista Anne. Tangu saa ile sijakaa.

Mama, hivyo ndivyo alivyokuwa Gasana. Si kwamba anafanana naye, ndiyo hivyohivyo. Mashavu, miguu, upole. Nami nilikuja kumwona akiwa hivyo nikakushukuru, nikarudi kwangu nikiimba, na nilipokuja tena ngozi ilikuwa inatoka. Kitunga nilikishonea Gasana. Tangu jana ni cha Céline.

Sikuiweka habari hii juu ya karatasi kwa sababu ungeimba. Nisamehe kusema hivyo mbele ya katekista, lakini ungeimba, na mtoto angebaki mlangoni. Nimekuzungusha kwenye unga na nyuzi makusudi, ili ukifika hapa uwe umeona kwamba sikukuita mlozi, na kwamba kosa la mkono wako nimelifanya kwa mkono wangu.

Karangwa, ukimaliza mstari huu iweke barua magotini na umwite Céline. Mama, mnyooshee mguu. Mbonyeze kwa dole gumba juu ya unyayo, pale penye mfupa, ubonyeze kwa muda wa Salamu Maria moja, polepole, kisha ondoa. Angalieni wote. Béata naye aangalie.

Karangwa, endelea sasa.

Kama mguu umejaa tena kama ulivyokuwa, basi nimewatia hofu bure. Nicheke, niite mwendawazimu, nitapanda mpaka Muheto nikuombe msamaha mbele ya majirani haohao, na wewe utachagua wimbo. Lakini kama shimo la kidole chako limebaki pale, halijajaa, usilie na usimtafute mchawi. Usianze kumpikia kwa kitunga, kitunga ni cha siku atakazorudi. Sista Anne amesema aletwe mara moja, na ndiyo maana Gasana nimembakiza, niwe hapa kuwapokea. Wengine huja wamechelewa, na hao nimewaona, Mama, niko jikoni lakini ninaona wanapopita. Callixte yuko barabarani anapakia ndoo. Nimemwomba asiwashe lori mpaka umwambie mwenyewe aondoke. Njiani mnyweshe maziwa kidogo kidogo, mfunike, hawa hupatwa na baridi haraka. Béata hawezi kumchukua kutoka kwenye mkeka wako. Ni mkwe, ataogopa, kama anavyoogopa sasa hivi wakati haya yanasomwa. Wewe ndiye utakayemwinua mtoto.

Wasalimu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na majirani hata wale walionisikia nikisemwa. Gasana anakusalimu; nilipomtajia jina lako alitupa kijiko, na huku hiyo ni habari njema. Védaste na Adelaïde wanakusalimu. Mungu aiweke nyumba yako.

Callixte ana nafasi moja tu mbele, karibu naye, ambako upepo hauingii. Wasafirishaji wa kabichi waliitaka, nikaikatalia. Usimpe mtu mwingine mtoto amlete. Njoo naye wewe, Mama, umempakata. Nitakuwa nimesimama barabarani.

Mimi binti yako,
Emérita